Naomba ushauri: nianze na L'Eau au Philosykos ya Diptyque?

Habari zenu wadau. Siku hizi nimezama kwenye manukato ya kampuni ndogo ndogo za Ufaransa, na Diptyque imenikamata kwa historia yake. Mwaka 1961 marafiki watatu, mchoraji Desmond Knox-Leet, Christiane Gautrot na Yves Coueslant aliyetokea kwenye mambo ya tamthilia, walifungua duka namba 34 Boulevard Saint-Germain, Paris. Wala hawakuwa watengeneza manukato! Waliuza vitambaa walivyobuni wenyewe, 1963 wakaleta mishumaa ya kunukia, na marashi yao ya kwanza, L'Eau, yakatoka 1968, yakitokana na mchanganyiko wa karne ya 16 wa maua makavu na viungo. Mdalasini, waridi, karafuu. Mimi mtu wa Pemba, hapo kwenye karafuu nikaishiwa ujanja.

Shida ni kwamba pesa yangu inatosha chupa moja tu, na Philosykos ya 1996, ile ya harufu ya mtini, inasifiwa mno. Kwa joto la pwani ipi inakaa zaidi mwilini? Na aliyewahi kujipaka L'Eau aniambie ukweli, isije ikawa nanunua historia halafu nanukia pilau.