Wauza sofa na vitanda: paina mbichi iliyopakwa rangi siyo mninga, acheni kutuibia!

Wakuu,

Huu ni wizi na tuuite wizi. Mtu wa kipato kidogo anajibana, anapokea zamu yake ya mchezo, anaenda kununua sofa na kitanda cha "mninga". Mwaka haujaisha chaga zimekatika, sofa imebonyea katikati, na unga laini unamwagika chini ya miguu ya kitanda. Mwenye hela angenunua kingine. Huyu anarudi kulalia godoro sakafuni.

Paina yenyewe haina kosa. Inayotoka mashamba kama Sao Hill kule Mufindi, ikikaushwa sawasawa, inatoa fremu ya sofa ya kudumu miaka. Kosa ni kuipasua leo na wiki ijayo kuivisha kitambaa. Mbao mbichi ikikaukia ndani ya kiungo inasinyaa: ulimi unacheza kwenye tundu lake, gundi inaachia, msumari unalegea, kitanda kinalia kila ukijigeuza. Mabao ya inchi 2 yanataka miezi kadhaa kivulini, yamepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Paina yenye madoa ya bluu-kijivu ilikaa na unyevu muda mrefu. Ukiinyanyua ukaona nzito kuliko ilivyozoeleka, bado ina maji.

Mninga nao una ujanja wake. Moyo wa mti ni kahawia, na husinyaa kidogo sana, ndiyo maana unapendwa. Ile sehemu ya nje yenye weupe ndiyo wadudu wanaitoboa na kuacha unga. Sasa watu wanachanganya weupe na paina, wanapiga vanishi ya rangi, bei inabaki ya mninga. Kagua nyuma ya kichwa cha kitanda na upande wa chini wa mbavu, kwangua kidogo kwa ufunguo. Mninga wa kweli ni kahawia mpaka ndani. Muuzaji akikataa usikwangue hata pasipoonekana, ondoka.

Kwenye sofa ndiko kuna uchafu mkubwa, kwa sababu kitambaa kinaficha kila kitu. Mto wa kukalia wa inchi 24 kwa 24, unene inchi 4, ukiwa na sponji ya densiti 30 (yaani kilo 30 kwa mita moja ya ujazo) lazima uwe na kilo 1.1 hivi. Ukiupima ukakuta kilo 0.6, hiyo ni densiti 16, inayofaa mgongoni tu, tena kwa kubembeleza. Nenda na kamizani ka kuning'iniza, vua kava, pima sponji peke yake. Na usidanganyike na uzito tu: kuna sponji ya mabaki yaliyosagwa na kugandishwa, nzito lakini inamomonyoka. Utaijua kwa vipande vya rangi mchanganyiko. Chini ya sponji panatakiwa mikanda ya mpira iliyosukwa kwa kupishana, au springi. Wengi wanapigilia kiroba na kadibodi, halafu wanakwambia sofa "imekaliwa vibaya".

Kitanda cha 5 kwa 6 kinahitaji mhimili wa katikati wenye mguu wake unaogusa sakafu. Bila huo, chaga ya unene wa inchi 1 inabeba uzito wote kwenye urefu wa futi 5, na itakatika tu. Chaga za upana wa inchi 3 zikiachiana inchi 2 na nusu zinaingia 13. Ukikuta 7, hata godoro lako zuri litazama kwenye mapengo na mtengenezaji wake anaweza kukataa dhamana.

Sasa kwa mwenye bajeti finyu: usinunue seti nzima ya hovyo kwa mkupuo. Anza na kitanda na godoro, sofa ya watu wawili itakuja baadaye. Kitanda cha mtumba cha mninga chenye skrubu zilizolegea ni mali kuliko kipya kinachong'aa. Kifungue, toa gundi ya zamani, unga upya, piga msasa namba 80, kisha 120, malizia 240, pakaa vanishi mara mbili. Kama kina matundu ya wadudu yanayotoa unga mpya, hicho kiache.

Ukitengenezesha, nenda mwenyewe kununua mbao na fundi wako, pima kwa futi (bao linaloitwa 1 kwa 8 mara nyingi halifiki 8), weka alama yako kila ncha. Malipo yagawanywe mara tatu: vifaa, fremu ikiwa uchi bila kitambaa, na siku ya kuchukua. Hiyo awamu ya katikati ndiyo inayokulinda, msiiache kwa aibu.

Wapo mafundi waaminifu, Keko ya Dar es Salaam wapo na mikoani wapo, na hawa wanaharibiwa soko kila siku na matapeli. Kwa hiyo nawauliza mafundi mliomo humu: mteja akiomba kuona fremu kabla hamjaivisha kitambaa, kwa nini jibu ni "niamini tu bosi"? Jibuni hapa.