Tupeane uzoefu: nani alikuingiza kwenye gemu, na kundi lenu linaongeaje? (Mtwara na Lindi)

Mwanzisha mada

Wakuu wa kusini, habari za jioni.

Watu wakipita nje ya banda la gemu wanadhani mle ndani kuna kelele tu. Mimi naona kuna jamii kamili: ina maneno yake, sheria zake, wakubwa wake na namna yake ya kumpokea mgeni. Sisi wengi hatukujifunza gemu kwa kusoma popote, tumefundishwa kwa mdomo. Naomba kila mmoja aseme aliingilia wapi, nani alimshika mkono, na walikuwa wanaambiana nini. Kama walikukimbiza, sema pia.

Naanza. Mikindani, banda la PS2 (PlayStation 2), tukicheza PES 6, gemu ya mpira, ile ya 2006. Ukutani kulikuwa na kipande cha boksi kimeandikwa kwa wino mzito: ANAYEFUNGWA ANATOKA. INTER MARUFUKU. Mgeni lazima aelezwe hiyo ya pili. Inter, timu ya Italia, alikuwepo mshambuliaji Adriano, na shuti la guu lake la kushoto hakuna kipa aliyelizuia. Mwenye Inter habanduki kwenye benchi, wengine mnasubiri mpaka mnasinzia. Sheria hiyo hakuitunga mwenye banda. Wachezaji walibishana wee, wakanyoosha mikono, ndipo yeye akaandika.

Na aliyeheshimika pale hakuwa mwenye ushindi mwingi. Alikuwa kaka mmoja mvuvi, anakaa nyuma ya mgeni na kumwambia taratibu: "Usibonyeze mraba (kitufe cha shuti) mgongo ukiwa golini. Geuka kwanza, ndo upige." Nusu ya tunaojua PES pale tumepita mikononi mwake.

Mdau wa Ligula

Umenena mkuu. Kwetu ilikuwa FIFA, gemu nyingine ya mpira, na huko kitufe cha duara ndiyo shuti, mraba ni krosi. Kwenye PES ni kinyume. Kwa hiyo akija mtu wa PES tunamwachia abadilishe vitufe kwenye mipangilio kabla mechi haijaanza. Banda linalomnyima mgeni hilo linatafuta ushindi wa kitonga (wa bure) tu, halitafuti mpinzani.

Dada wa Lindi Mjini

Mimi nacheza Free Fire, gemu ya simu ya kupigana risasi. Mnashuka watu 50 kisiwani, skwadi ni watu wanne, mechi inaisha ndani ya kama dakika kumi. Hakuna muda wa hotuba. Ukiona adui unataja mahali na upande, basi. Ramani ya Bermuda kundi letu tumeipa majina ya kwetu: pale Peak tunapaita Newala, kwa sababu ni juu kama Newala yenyewe, na anayeshika juu anawaona wote. Mtu akisema "wawili Newala, wanashuka" sote tumeshaelewa.

Miezi ya mwanzo nilicheza maiki imezimwa, naandika tu. Nilipoiwasha wakasikia sauti ya kike, mmoja wa timu pinzani akaanza matusi na wawili wa kwetu wakacheka. Kiongozi wa skwadi aliwatoa wote wawili kwenye kundi la WhatsApp usiku uleule, akaandika: "Anayesoma ramani vizuri hapa ni huyu. Asiyetaka kumsikiliza atafute skwadi nyingine." Mmoja alirudi kuomba radhi, tunacheza naye hadi leo. Wanaume mnaosoma hapa, neno moja la kiongozi linaamua kama sisi tutabaki au tutaifuta gemu kwenye simu.

Wa Nachingwea

Mimi nakumbuka Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga. Tarehe 12 nyaya za chini ya bahari nazo zikakatika, intaneti ikawa ya kuchechemea. Free Fire haiwezekani: unapiga risasi, simu inaganda, ikizinduka umeshakufa. Tukarudi Mini Militia, gemu ya risasi inayochezeka bila intaneti. Mmoja anawasha hotspot, wengine wanajiunga, bando haliguswi. Tulikaa chini ya mwembe ana kwa ana, na ndipo nikajua sura za watu niliokuwa nawajua kwa sauti tu. Kundi letu lilikazana zaidi siku zile kuliko wakati mtandao uko vizuri.

Mwalimu, Masasi

Hongereni vijana. Yupo mwanaisimu John Swales, mwaka 1990 alieleza sifa sita za jamii ya watu wanaounganishwa na mazungumzo yao: malengo ya pamoja, njia za kuwasiliana, kupeana taarifa na mrejesho, aina zao za matini, msamiati wao, na wazoefu wa kutosha wa kuwafunza wageni. Nimesoma visa vyenu hapa, zote sita naziona.

Nina mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye insha yake haivuki mistari mitano. Siku moja nikaonyeshwa alichoandika kwenye kundi lao la eFootball, gemu ya mpira: ukurasa mzima, anaeleza kwa nini beki wa pembeni asipande timu ikiwa inaongoza, anajibu hoja ya mwenzake, anaomba ushahidi ("leta video ya skrini, si maneno"). Nikampa kazi aandike maelekezo ya kumfunza mtu asiyejua kabisa. Akaandika, na akapanga vizuri kuliko darasa zima. Uwezo ulikuwepo. Kilichokosekana ni watu anaotaka wamsome.

Mzazi, Tandahimba

Mwalimu shikamoo. Nimekuelewa, ila wa kwangu anakesha. Tufanyeje?

Mwalimu, Masasi

Marahaba. Kaa naye acheze akueleze anachofanya, halafu mpangiane saa. Mtoto hukubali kuwekewa mpaka haraka zaidi akiona unajua unachomkatiza. Mechi za mtandaoni hazisimamishwi katikati, kwa hiyo mwambie "hii ndiyo ya mwisho", usimnyang'anye simu mechi ikiendelea, maana anawaangusha wenzake watatu.

Mgeni, Newala

Wakuu, mimi nimeanza Free Fire juzi, simu yangu ndogo, inaganda sana. Nisaidieni.

Dada wa Lindi Mjini

Karibu mdogo wangu. Shusha ubora wa picha mpaka wa chini kabisa. Funga programu nyingine zote. Futa video za WhatsApp, nafasi ikijaa simu inachoka. Na usishuke palipojaa watu, shuka pembeni uokote silaha kwanza. Ukiwa tayari nitumie namba yako ya mchezaji inboksi, leo saa tatu usiku tuna nafasi ya mtu mmoja.