Nimehamia Mac kutoka Windows, njia za mkato za kibodi zinagoma. Naombeni ushauri

Mhamaji: Wakuu, habari zenu. Nimehamia laptop ya Mac kwa kazi za kuandika na kupanga mafaili. Kunakili na kubandika saa nyingine kunakubali, saa nyingine kunagoma kabisa. Nikibonyeza Home, ukurasa unapanda juu ila kishale kinabaki pale pale. Nikikata faili nilihamishe, halikatiki. Kazi zinalala. Nianzie wapi kujifunza?

Kitufe Kimoja: Karibu mkuu. Faili huko halikatwi. Linakili kwa Command+C, ingia folda unayotaka, bonyeza Command+Option+V, litahama. Return hailifungui, inabadilisha jina lake. Kufungua ni Command+O. Mwanzo wa mstari ni Command na mshale wa kushoto, kuruka neno zima ni Option na mshale. Command+W inafunga dirisha tu, programu inabaki wazi. Kuizima ni Command+Q. Q na W zimepakana, kwa hiyo hifadhi kazi yako mara kwa mara.

Pengwini: Ungekwenda mfumo wa Linux usingepata shida hii. Ctrl+C ni ile ile. Kwenye terminali tu, lile dirisha la kuandikia amri, ndiyo inakuwa Ctrl+Shift+C, maana Ctrl+C pale inakatisha programu inayoendelea.

Mhamaji: Mkuu Pengwini, mashine nimeshanunua.

Bi Utaratibu: Vijana mnataka njia ya mkato kabla ya kuijua njia yenyewe. Acha kukariri orodha. Fungua menyu ya Edit: kila amri ina alama zake upande wa kulia. Shika zile unazozihitaji kwa kazi ya leo, zikikaa vidoleni ndipo uongeze.

Mpekuzi: Hii chai. Laptop ya Mac haina kitufe cha Home. Huyu anabonyeza nini? Na njia ya mkato haigomi kwa zamu. Ama ipo, ama haipo.

Kitufe Kimoja: Swali zuri. Mhamaji, tueleze, unaandikia kibodi gani?

Mhamaji: Si chai wakuu. Nikiwa mezani nachomeka kibodi ya nje, ile ya Windows. Tena nilishaingia kwenye mipangilio nikabadilishana Control na Command ili nitumie Control kama zamani. Sioni ubaya wake. Kidole kidogo kimeshazoea, na siwezi kuanza kuandika upya kama mwanafunzi.

Kitufe Kimoja: Chanzo ndicho hicho. Mac inahifadhi mabadiliko hayo kwa kila kibodi peke yake. Ulibadilisha ya nje, ya laptop ikabaki na mpangilio wake wa awali. Ukihama meza, Control haifanyi tena kazi ya Command.

Mpekuzi: Basi nafuta neno chai. Ila mabadilishano hayo yana gharama: kuhama kati ya programu sasa ni Control+Tab, na kwenye terminali kukatisha programu kumehamia kitufe cha Command.

Mhamaji: Terminali situmii. Nikibadilisha na ya laptop ifanane, si yataisha?

Kitufe Kimoja: Hayaishi. Kwenye kibodi ya laptop, kitufe cha pembeni kabisa kushoto ni Fn, Control inafuata. Kidole kidogo kitaangukia Fn. Fanya hivi: System Settings, Keyboard, Keyboard Shortcuts, Modifier Keys. Juu pale chagua kibodi ya nje, bonyeza Restore Defaults. Kisha, kwa hiyo hiyo ya nje, badilishana Option na Command tu. Kibodi ya Windows ina Alt jirani na kitufe cha nafasi, na Mac inaisoma kama Option. Baada ya hapo Alt itakuwa Command, na kidole gumba kitaikuta mahali pamoja kwenye kibodi zote mbili.

Mhamaji: Gumba! Haya, naijaribu kwa ya nje kwanza. Na kufuta herufi iliyo mbele ya kishale je?

Bi Utaratibu: Kwenye laptop ni Fn+Delete. Ya nje ina Delete yake, inafuta mbele moja kwa moja.