Mrejesho: Uji wa kimea cha moshi uliogoma kutoa sukari

Asanteni nyote mliojibu. Kwa wanaosoma sasa: kilo 5 za kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moshi wa mboji (peat, udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kama kuni), kwa ajili ya wiski, zilitoa lita 20 za maji matamu yenye kipimo cha uzito cha 1.038 tu (maji matupu ni 1.000; sukari hukipandisha), na tone la iodini liligeuka bluu-nyeusi, ishara kwamba wanga ulibaki bila kuwa sukari.

Mlisema moshi hauui vimeng'enya (vinavyogeuza wanga kuwa sukari), na ni kweli. Dawa ilikuwa kusaga vizuri zaidi, punje zipasuke bila maganda kuwa unga, kisha kushikilia uji kwenye 64°C kwa dakika 90. Iodini ikabaki kahawia, haidromita, kifaa cha kipimo hicho, ikasoma 1.057. pH (kiwango cha uchachu wa uji) nayo ilishushwa kutoka 5.8 hadi 5.4 kwa mkupuo huohuo, kwa hiyo mchango wake siwezi kuutenga.

Kuchuja ndiko kulikosumbua. Nafaka ziliziba kabisa. Zilifunguka baada ya kukorogwa upya pamoja na maganda ya mpunga na maji ya 75°C. Chachu ilipokula sukari, kipimo kiliishia 1.006.

Harufu ya moshi bado hafifu. Hapo itabidi kimea chenye fenoli (kemikali za harufu ya moshi) nyingi zaidi, na kutoacha mapema kukusanya kinywaji wakati wa kukeneka, maana fenoli huchelewa kutoka.