Naomba ushauri: pedi ya joto inajizima usiku

Wakuu, naombeni ushauri. Nina vifaranga 15 wa siku 3, na badala ya balbu nimeweka pedi ya umeme ya joto. Imefungwa chini ya wavu wa waya uliokunjwa kama pango, mbele sentimita 10, nyuma 6, ili waiguse kwa migongo. Sakafuni ni maranda makavu tu. Pedi ikilazwa chini hulowa kinyesi na maji, na joto hunaswa chini yake.

Shida ni moja: inajizima kila baada ya saa 2. Usiku wakipoa watalundikana, wa chini wakose hewa. Kuna aina isiyojizima? Na wavu niupandishe kiasi gani kila wiki? Alfajiri wanalia mno, naomba majibu mapema.