Hampi, au Thanjavur na Madurai, kwa siku tano?

Binti Pangani
Ndugu zangu, Januari nitampeleka mama Chennai, kusini mwa India, kutibiwa goti, na daktari akisharidhika tutabakiwa na siku tano kabla ya ndege ya kurudi Dar es Salaam. Mama amesomesha historia miaka mingi na hapendi kurudi akiwa ameona hospitali tu. Nasita kati ya Hampi, mji mkuu wa zamani wa dola ya Vijayanagara, na safari ya Thanjavur na Madurai, miji ya wafalme wa Chola na Pandya. Naomba mnilinganishie, mkikumbuka kwamba ngazi anazipanda kwa taabu.

Msafiri wa Reli
Dada, pole kwa kuuguza. Kwa mpenda historia mimi nasema Hampi. Mji huo ulianzishwa mwaka 1336, na mwaka 1565, jeshi lake liliposhindwa na masultani wa Deccan walioungana katika vita vya Talikota, ulivunjwa na kuhamwa. Ndiyo maana hadi leo unaona mji mzima ulivyopangwa, pamoja na masoko yake, mabirika na mazizi ya tembo. Hekalu la Virupaksha lingali na ibada. Ndani yake kuna chumba cha giza chenye tundu dogo ukutani, na kupitia tundu hilo kivuli cha mnara wa lango huangukia ukuta wa pili kikiwa kimepinduka, kilele chini. Nilikaa pale muda mrefu nikikitazama, nikasahau hata njaa. Gari la mawe la hekalu la Vittala ndilo lililochorwa kwenye noti ya rupia 50, na kulifikia kuna vigari vya umeme, kwa hiyo mama hatateseka. Tatizo ni mwendo: kutoka Chennai mtapitia Bengaluru, kisha treni ya usiku hadi Hosapete, kilomita 13 hivi kutoka kwenye magofu.

Mwalimu wa Kilwa
Uzuri wa Hampi siupingi, lakini magofu yake yametapakaa kwenye vilima na majabali, na tunayeulizwa habari zake hapa ni mgonjwa wa goti. Thanjavur mnafika kwa treni moja kutoka Chennai. Hekalu la Brihadisvara, lililokamilika mwaka 1010 chini ya Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa Chola, limo ndani ya ua mpana ulio tambarare, na mnara wake wa mawe ya granaiti una urefu wa mita 60 hivi. Kwa mwalimu wa historia, hata hivyo, hazina yenyewe ni maandishi ya Kitamil yaliyochongwa kwenye kuta: humo wameorodheshwa wanawake 400 waliohudumu hekaluni, kila mmoja kwa jina lake, pamoja na nyumba na mgawo wa mpunga aliopewa. Ni nadra kukuta ukuta wa mfalme uliohifadhi majina ya watumishi. Madurai kuna msongamano zaidi. Katika hekalu la Meenakshi simu huachwa nje, na asiye Mhindu haingii patakatifu pa ndani. Hata hivyo, usiku anaweza kushuhudia mungu Sundareswarar akibebwa kwa machela hadi chumbani kwa mkewe Meenakshi.

Shangazi wa Likoni
Mwanangu, usisahau kwamba viatu huvuliwa, na saa sita mchana mawe yale yanaunguza nyayo. Mchukulie mama soksi nzito, mwingie saa kumi na mbili asubuhi, mchana mpumzike kwa sababu mahekalu mengi ya huko hufungwa hadi alasiri. Januari ni mwezi mwema, kwani mvua za huko ni za Oktoba hadi Desemba.

Binti Pangani
Ahsanteni sana, na shikamoo Shangazi. Nilimsomea mama majibu yote, na nilipofika kwenye wale wanawake 400 akanikatisha, akauliza kama majina yao yanasomeka bado. Tutalala Thanjavur siku tatu, na Madurai tutakwenda iwapo goti litaruhusu. Mwalimu, je, pale hekaluni hupatikana mtu wa kutusomea Kitamil hicho cha kale?

Mwalimu wa Kilwa
Ulizeni waongozaji wenye kibali langoni, na mtaje mapema kwamba mnataka maandishi. Wengi wao huanza na mnara.