Namba za simu za wateja zimegeuka 2147483647, nimedukuliwa?

Muuza_Mbolea: Wakuu habari za jioni. Kuna kijana alinitengenezea mfumo wa madeni ya dukani, kwa lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL. Leo nataka kuwatumia wadaiwa SMS, nakuta watu 61 wana namba ileile: 2147483647. Waliobaki wako sawa, ila sifuri ya mbele haipo. Nimeipiga hiyo namba, haipatikani. Nishaurini kabla sijamwita kijana tukagombana.

Ngedere: Umedukuliwa mkuu. Badili nywila haraka.

Biti32: Hajadukuliwa mtu. Mkuu, hao 61 waliandikwa kwa kuanzia 255?

Muuza_Mbolea: Duh! Ndiyo, aliwaandika binti yangu. Umejuaje?

Biti32: Kijana aliweka safu ya simu kuwa INT, yaani ya namba nzima. INT ina biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Moja inashika alama ya hasi au chanya, zinabaki 31. Kwa hiyo kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 2 kipeo cha 31 toa 1, ndiyo hiyo uliyoipiga simu 😂. Namba ya 0754 ikipoteza sifuri inakuwa milioni mia saba na kitu, inaingia. Ikianza na 255 ni zaidi ya bilioni 255, haiingii, na MySQL isipowekewa masharti makali inaandika ukomo wake na kunyamaza. Badili safu iwe VARCHAR(15), yaani maandishi yasiyozidi herufi 15. Usidanganywe na BIGINT, ile INT kubwa zaidi, sifuri itapotea tena. Namba ya simu hujumlishi wala hugawi, hayo ni maandishi.

Muuza_Mbolea: Na hizo 61 zinarudi?

Biti32: Hazirudi. Hata nakala za akiba hazisaidii, maana zilikatwa siku ileile zilipoingizwa. Pekua jumbe za malipo kwenye simu yako.

Ticha_wa_Hesabu: Pole mkuu, ila umeangukia namba ya heshima. Hiyo ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe; mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1772 bila hata kikokotoo. Kipeuo chake cha pili ni 46,340 na ushee, kwa hiyo angepaswa kujaribu namba tasa zote hadi hapo. Akaonyesha kwamba kigawo chochote tasa, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Zikabaki namba 370 hivi za kuangalia, na nyingi kati ya hizo si tasa, unazitupa. Halafu izidishe kwa 2 kipeo cha 30: unapata 2305843008139952128, namba kamilifu, yaani ukijumlisha vigawo vyake vyote ukiiacha yenyewe, inarudi ileile.

Ngedere: Ticha, mwenzio anadai hela za mbolea.

Biti32: 😂 Mkuu, na tarehe za madeni angalia zimehifadhiwaje. Zikiwa ni sekunde tangu 1970 ndani ya INT, ukomo ni huohuo: Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu.

Muuza_Mbolea: Nimebadili safu. Kwenye jumbe za malipo nimepata 38, waliobaki wako kwenye daftari la mama watoto. Kijana nimemsamehe nusu.